Bamba jeupe lililoitwa kwatzaiti: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja

Mke na mume walikuwa wanamalizia nyumba na walibakiza nyuso nne za kufunika kwa jiwe la asili: kaunta ya jikoni yenye sinki, meza ya katikati ya jiko ambayo upande mmoja wangeweka stuli, kaunta ya bafuni yenye beseni, na kaunta fupi ya barazani, karibu na mahali pa kuchomea nyama. Jiwe walikuwa wameshalipenda. Lilikuwa bamba jeupe lenye mishipa ya kijivu, lililong'arishwa mpaka unajiona. Kibandiko chake kiliandikwa "kwatzaiti laini". Muuzaji aliwapa ile sifa ambayo wauzaji wa mawe wote wameikariri: gumu kama graniti, zuri kama marumaru. Wao walitaka nyuso zote nne zitoke kwenye bamba hilo na ndugu zake wa mkupuo uleule, ili nyumba iwe na sura moja.

Hawakuwa wamelipa. Walichotaka kwangu ni kidogo: niwaambie kama sila, ile dawa inayopakwa jiwe ili lisiingiwe na madoa, ipakwe mara moja kwa mwaka au mara mbili.

Anayeuliza ratiba ya sila ameshakubali mambo matatu bila kuyapima. Amekubali kwamba jina la kwenye kibandiko ni la kweli. Amekubali kwamba adui wa jiwe ni madoa peke yake. Na amekubali kwamba nyuso nne za nyumba moja zinaishi maisha ya aina moja. Hapa yote matatu yalikuwa na walakini, na la kwanza ndilo lililokuwa rahisi kulithibitisha.

Kipande cha mabaki

Niliomba kipande kilichokatwa kwenye bamba lenyewe. Sampuli ndogo zinazokaa mezani kwa muuzaji sizitaki, kwa sababu zinaweza kuwa zimetoka kwenye machimbo mengine kabisa, na jina likabaki lilelile. Biashara ya mawe haina msimamizi wa majina. Jiwe linalouzwa duniani kote kwa jina la Taj Mahal linachimbwa Brazili, wakati kaburi lenyewe la India limejengwa kwa marumaru ya Makrana. Jina ni la kuuzia. Halikuambii jiwe limeumbwa na nini.

Kipimo cha kwanza kilihitaji chupa tu. Kwenye ngazi ya ugumu aliyoibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambayo inaanza na talki kwenye 1 na kuishia na almasi kwenye 10, kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5 na kwatzi iko kwenye 7. Kwatzaiti ni mchanga wa kwatzi uliogandamana kuwa mwamba, kisha ukapikwa na kubanwa chini ya ardhi hadi chembe zake zikashikana. Kwa hiyo ukingo wa kwatzaiti unakwaruza kioo bila kubembelezwa. Ukingo wa kipande chetu uliteleza juu ya chupa na kuacha mstari mweupe, na mstari huo ulifutika kwa kidole. Ulikuwa unga wa jiwe. Jiwe ndilo lililokwaruzwa na chupa.

Nilijaribu pia kisu, upande wa chini ambao haujang'arishwa. Hili lina sababu: mabamba mengi hupakwa rezini (gundi ya plastiki) kiwandani ili kujaza nyufa ndogo kabla ya kung'arishwa, na ukipima uso wa juu unaweza kuwa unapima rezini. Kisu kilichora kwa urahisi. Kwenye kwatzaiti ya kweli mambo huwa kinyume. Chuma ndicho kinacholika na kuacha alama ya kijivu juu ya jiwe.

Kisha tukaja kwenye asidi. Marumaru iliyozoeleka ni kalsaiti, yaani kaboneti ya kalisi. Tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10 hulitoa povu mara moja, kwa sababu kaboneti inavunjika na kuachia gesi ya kaboni dioksidi. Tone letu lilitulia tuli. Muuzaji akatabasamu, na mume naye akapumua. Lakini sikuwa nimemaliza. Nilikwangua jiwe mpaka nikapata unga, nikadondosha tone lingine juu ya unga ule. Vipovu vikaanza kupanda, vidogo vidogo na bila haraka. Hiyo ndiyo tabia ya dolomaiti, kaboneti ya kalisi na magnesi pamoja. Ikiwa kipande kizima inajibu asidi kwa uvivu, ikisagwa inajibu waziwazi. Ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4.

Kwa hiyo lile bamba lilikuwa marumaru ya dolomaiti. Ni jiwe zuri, na kwa kweli ni gumu kidogo kuliko marumaru ya kalsaiti ambayo ugumu wake ni 3. Lakini si kwatzaiti, na neno "laini" kwenye kibandiko lingetosha kumshtua mtu anayejua mawe, maana kwatzaiti laini haipo. Sisemi muuzaji alikusudia kudanganya. Aliletewa jiwe na jina lake, akauza vyote viwili.

(Asiye na asidi ya maabara asihangaike kuitafuta. Siki au kipande cha limau kikiachwa juu ya uso uliong'arishwa kwa muda wa saa moja hivi kinatosha kuonyesha kama mng'ao utafifia. Hicho ndicho mwenye nyumba anachohitaji kujua, zaidi hata ya jina la madini.)

Kulikuwa na kipimo kimoja ambacho bamba lile lilikishinda vizuri. Niliweka matone ya maji upande wa chini, usio na rezini, na baada ya robo saa jiwe halikuwa limebadilika rangi. Halinywi sana. Muuzaji naye alikuwa amesema hivyo, na hapo alikuwa sahihi, ingawa watu wengi hawalitarajii jambo hili. Viwango vya ASTM vinavyotumika Marekani kwa mawe ya ujenzi vinaruhusu graniti kufyonza maji hadi asilimia 0.40 ya uzito wake, na marumaru hadi asilimia 0.20 tu. Marumaru haijawahi kuwa na tatizo kubwa la kunywa. Tatizo lake ni kuliwa.

Madhara manne, dawa moja

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokwama kwa muda, na naona ni vizuri kukaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

Uso wa jiwe unaweza kuharibika kwa njia nne, na kila njia ina chanzo chake. Unaweza kukwaruzwa, na hilo ni suala la ugumu wa madini. Unaweza kuingiwa na doa, yaani kimiminika chenye rangi au mafuta kimepenya kwenye vinyweleo vya jiwe na kubaki humo; hilo ni suala la ufyonzaji. Unaweza kuliwa na asidi, yaani madini yenyewe yameyeyuka juujuu na mng'ao ukaondoka. Hilo ni suala la kemia. Na unaweza kuvunjika, jambo linalohusu unene, uegemeo na mahali jiwe lilipokatwa.

Sila inashughulikia moja tu kati ya hayo, nalo ni doa. Sila nyingi za leo ni kemikali ziitwazo silani au siloksani, zinazoingia kwenye vinyweleo na kufanya maji au mafuta yachelewe kupenya. Haziweki ngozi juu ya jiwe. Limau likidondoka, linagusa kaboneti palepale, sila iwepo isiwepo. Kuipaka marumaru sila ili isiliwe na limau ni sawa na kuvaa koti la mvua ili usichomwe na mwiba.

Kuna namna ya kutofautisha doa na sehemu iliyoliwa, na kila mwenye kaunta ya jiwe angefaa kuijua. Inama, utazame uso kwa pembeni dhidi ya mwanga wa dirisha. Kama unaona duara hafifu lisilo na rangi, ambalo mng'ao wake umepungua kuliko jirani zake, jiwe limeliwa. Hakuna kitu cha kufyonza kutoka humo, dawa yake ni kusugua na kung'arisha upya. Kama unaona weusi au rangi lakini mng'ao uko palepale, hilo ni doa, na linaweza kuvutwa nje kwa kupaka uji mzito wa unga unaofyonza, uliochanganywa na kiyeyushi kinachofaa: asetoni kwa mafuta, haidrojeni peroksaidi kwa kahawa na jamaa zake (kwa uangalifu kwenye mawe meusi). Uji huo unafunikwa kwa plastiki, unaachwa, kisha unakaushwa na kukwanguliwa. Watu wanaosugua sehemu iliyoliwa kwa nguvu wakidhani ni uchafu huishia kulipanua duara.

Mume alisikiliza yote haya kisha akauliza, "Sasa sila nzuri kuliko zote ni ipi?" Nilimwelewa. Anataka kitu cha kununua kitakachomaliza wasiwasi. Kwa kaboneti hakipo.

Mtu ambaye hakuulizwa

Niliwauliza nani anapika. Wakatazamana. Anayepika zaidi ni mama yake mume, wanayeishi naye, na yeye hakuwahi kwenda kuangalia jiwe hata mara moja. Walimwita.

"Mama, hili ndilo jiwe tulilolipenda," mkwewe alimwambia, akimwonyesha kipande.

Mama alikishika, akakigeuza, akasema ni zuri. Kisha akaeleza anavyofanya kazi bila kuulizwa mara mbili. Sufuria akiitoa motoni anaiweka panapokuwa karibu. Limau analikatia popote pale. Ubao wa kukatia anao, lakini ni wa nyama. Na hafuti kitu mpaka amalize kupika, kwa sababu hana mikono minne. Alisema haya yote kwa utulivu wa mtu asiyekusudia kubadilika, na ana haki hiyo.

Kuanzia hapo kaunta ya jikoni ilikuwa imejichagulia jiwe. Ilihitaji madini yasiyojali asidi, magumu kuliko kisu, yenye kustahimili sufuria. Hayo ni mawe ya silikati: graniti na wenzake, au kwatzaiti ya kweli. Graniti, kwa tafsiri ya wanajiolojia, ni jiwe ambalo kwatzi inachukua kati ya asilimia 20 na 60 ya madini yake yenye rangi hafifu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni feldispa, yenye ugumu wa 6. Ulanga umo pia, nao ni laini, lakini chembe zake ni chache na zimetawanyika.

Jiwe la sabuni nalo lilijadiliwa kwa muda mfupi. Limejaa talki, asidi haliisikii kabisa, na moto ni rafiki yake. Ndiyo maana maabara za zamani zilitengeneza meza zake kwa jiwe hilo. Linakwaruzwa kirahisi, ingawa mkwaruzo unatoka kwa msasa mikononi mwa mtu yeyote. Mimi ningelichagua. Mke hakutaka rangi yake ya kijivu cha mvua, na mjadala ukaishia hapo.

Jirani alikuwa amewashauri wachukue kwatzi ya kiwandani, ile ya chembe za kwatzi zilizogandishwa kwa rezini. Hailiwi na limau na haihitaji sila, hayo ni kweli. Lakini rezini haipendi joto, na mama ameshasema anachofanya na sufuria. Kuna na jambo jingine ambalo wanunuzi hulisikia mara chache: vumbi. Bidhaa hiyo inaweza kuwa na silika (kwatzi yenyewe ni silika) zaidi ya asilimia 90, na kuikata kavu kumewapa mafundi wengi ugonjwa wa silikosisi, unaofanya makovu kwenye mapafu na usio na tiba ya kuyaondoa. Australia iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Mawe ya asili hayajasafishika katika hili. Kwatzaiti ni silika karibu tupu na graniti ina sehemu yake. Fundi akitaka kutoboa tundu la bomba kwa mashine kavu ndani ya nyumba yako, mzuie kwa ajili yake kabla ya ajili yako. Jiwe likatwe kwa maji, na ikibidi kumalizia pale nyumbani, maji na barakoa inayokaa sawasawa usoni viwepo.

Graniti mbili zilizokataliwa

Kwatzaiti ya kweli ilipatikana, lakini mke aliona mishipa yake ya dhahabu haipatani na makabati. Tukabaki kwenye graniti, na mbili za kwanza tulizirudisha.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi tii. Mawe meusi yanayouzwa kama graniti mara nyingi ni gabro au dolerite, na kwa matumizi hilo halina ubaya wowote: ni mazito, hayanywi sana, yanavumilia. Ubaya ni pale jiwe la kijivu linapopakwa rangi au nta ili lionekane jeusi. Nilichovya kitambaa cheupe kwenye asetoni, nikasugua mahali palipojificha. Kitambaa kilitoka cheusi. Jiwe kama hilo likiwekwa jikoni, kila kisafishio kinaondoka na sehemu ya rangi, na baada ya muda kaunta inakuwa na mabaka ya kijivu ambayo watu huyaita madoa. Kumbe mabaka hayo ndiyo sehemu pekee zinazosema kweli.

Ya pili ilikuwa nyeupe yenye nukta nyeusi, nayo ilimfurahisha mke kwa sababu ilikaribia lile bamba lake la kwanza. Nilimwomba aitazame kwa karibu. Kuzunguka baadhi ya nukta kulikuwa na kivuli cha hudhurungi. Hayo ni madini yenye chuma yaliyoanza kupata kutu. Ukutani lingekuwa pambo. Kando ya sinki, ambako maji yanasimama kila siku, vile vivuli vingepanuka, na kutu inayotoka ndani ya jiwe haina mwisho wa kuaminika. Unaitoa leo, inarudi, kwa sababu chanzo chake ni sehemu ya jiwe.

Waliyoichukua ni ya kijivu cha wastani, chembe ndogo zilizosambaa sawasawa. Haina makeke. Tone la maji liliifanya iwe nyeusi kidogo ndani ya dakika chache, kwa hiyo hii ndiyo iliyohitaji sila, na mume hatimaye akapata ratiba yake: paka baada ya kufungwa, kisha rudia pale tu matone ya maji yanapoanza kutia weusi. Kalenda haina kazi hapo.

Meza ya katikati

Mke hakuwa tayari kuliacha lile bamba jeupe. Alisema meza ya katikati haina sinki wala jiko, mama haifikii akipika, na yeye anataka mahali pa kusukumia unga, kazi ambayo marumaru inaifaa kwa kuwa inabaki baridi. Nilipinga. Meza ya katikati ndiyo inayowekewa kila kitu: vinywaji, matunda, mifuko ya sokoni, viwiko. Yeye akajibu kwamba anajua litaliwa na hataki libaki kama siku ya kwanza. Mtu akishajua atakachopoteza na akakikubali, hoja yangu imekwisha.

Nilichoomba ni uso ubadilishwe. Bamba lilikuwa limeng'arishwa kama kioo, na kwenye uso wa namna hiyo kila tone la limau linaonekana kwa sababu linaondoa mng'ao. Fundi alilisugua hadi mng'ao ukaisha, likabaki na ulaini mkavu. Asidi bado inalila vilevile, lakini hakuna mng'ao wa kupotea, na alama zinajichanganya na zilizotangulia.

Mchoro ulikuwa na tatizo kubwa kuliko kemia. Meza ilikuwa na urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.1, na upande wa stuli jiwe lilichorwa likining'inia sentimita 40 bila kitu chini yake. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa mawe ni kwamba jiwe la unene wa sentimita 3 lisining'inie zaidi ya sentimita 25 hivi bila mhimili, na la sentimita 2 lisizidi 15. Tena sehemu inayoning'inia isizidi theluthi moja ya upana wote. Hapa ilizidi kanuni zote mbili. Jiwe halina mnepo. Halikuonyi kabla ya kuvunjika, na mtoto mmoja akipanda juu ya ukingo ule linaweza kukatika mara moja. Fundi aliweka bapa za chuma zilizozamishwa kwenye kabati, zinazofika karibu na ukingo, na stuli zikapata nafasi yake.

Kisha uzito. Jiwe la aina hii lina takriban kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kwenye unene wa sentimita 3 ni kilo 81 kwa kila mita ya mraba. Meza ile ina mita za mraba 2.64. Hiyo ni zaidi ya kilo 210 juu ya kabati ambalo fundi seremala alilitengeneza akifikiria sahani. Makabati yaliongezewa mbao za kubebea na kupimwa kwa pima maji kabla jiwe halijaletwa, maana jiwe likikalia mahali palipoinuka upande mmoja, ufa unaanzia hapo hata kama utachelewa kuonekana. Lilibebwa limesimama kwa ukingo. Ukilibeba bamba kubwa limelala linajivunja kwa uzito wake lenyewe.

Kwenye kaunta ya jikoni mahali pa kuangalia palikuwa pamoja tu: ule ukanda mwembamba wa jiwe ulio mbele ya sinki. Ndipo kaunta nyingi zinapokatikia, mara nyingi wakati wa kubebwa. Pembe za tundu la sinki zilikatwa kwa mviringo badala ya pembe kali, na mwiba wa chuma ukazamishwa kwa gundi ya epoksi upande wa chini.

Nje

Kaunta ya barazani haikutuchukua muda. Bamba jeupe lilikuwa na rezini, na rezini nyingi hugeuka njano juani. Marumaru pia ina historia mbaya nje ikiwa nyembamba. Jengo la Standard Oil mjini Chicago lilivikwa marumaru ya Carrara, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mabamba yakajipinda, na kati ya 1990 na 1992 yote yalibanduliwa na graniti nyeupe ikachukua nafasi. Ukumbi wa Finlandia mjini Helsinki, kazi ya Alvar Aalto iliyofunguliwa mwaka 1971, nao ulivuliwa marumaru yake iliyopinda mwishoni mwa miaka ya 1990, ukavikwa tena marumaru ya Carrara, nayo ikapinda. Fuwele za kalsaiti zikipata joto zinatanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, na baada ya misimu mingi ya joto na baridi chembe zinalegeana. Kaunta fupi iliyolala si ukuta wa ghorofa, lakini hakukuwa na sababu ya kujaribu.

Mume alipendekeza jiwe jeusi la nje. Nilimwomba aweke kiganja juu ya bamba jeusi lililokuwa juani kwenye yadi ya mawe. Alikiondoa haraka. Walichukua mabaki ya graniti ya jikoni, yasiyopakwa rezini, na kuyaacha bila mng'ao.

Bafuni

Kwenye kaunta ya bafuni kila mtu alikubaliana kwamba lile bamba jeupe litakaa salama. Hakuna limau bafuni, hakuna kisu, hakuna sufuria. Waliliacha liking'aa. Niliandika maelekezo ya usafi kwa nyuso zote nne, kwenye ukurasa mmoja: sabuni isiyo na asidi wala magadi makali, kitambaa laini, hakuna siki, hakuna limau, hakuna dawa ya kuondoa magaga ya maji, ule ukoko mweupe unaoachwa na maji yanapokauka. Ukurasa ule waliubandika jikoni.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa, graniti ya mama ilikuwa kama ilivyofungwa. Meza ya katikati ilikuwa na maduara mengi hafifu ambayo ulilazimika kuinama uyaone, na mke alinionyesha bila kuona haya mahali glasi ya maji ya ndimu ilipokaa usiku kucha. Mume alikuwa ameshainunulia sila mbili tofauti.

Bafuni ndiko kulikoharibika. Kuzunguka bomba kulikuwa na pete nyeupe, pana, iliyokwaruza ukiipitishia kidole, na mistari iliyoshuka kutoka hapo kuelekea kwenye beseni. Mtu aliyesafisha alikuwa anaona magaga ya maji kwenye bomba na kuyapulizia dawa ya kuyaondoa, jambo ambalo kila chupa ya dawa hiyo inamwambia alifanye. Magaga ya maji ni kaboneti ya kalisi. Dawa inayoyayeyusha ni asidi, na asidi haijui kutofautisha kaboneti iliyoganda kwenye bomba na kaboneti ya jiwe lililo chini ya bomba. Kila wiki bomba lilizidi kung'aa na jiwe likizidi kuisha. Dolomaiti, kwa uvivu wake, ilichelewesha uharibifu mpaka ukawa mkubwa kabla haujaonekana.

Fundi alisaga sehemu ile kwa pedi za almasi, kuanzia za kukwaruza hadi laini, kisha akalazimika kusugua kaunta nzima ili kusiwe na kidimbwi cha mng'ao tofauti karibu na bomba. Nilishauri aishie kwenye uso usiong'aa, kama wa meza ya katikati, na safari hii walikubali. Ile dawa imehamishiwa chooni. Bomba linapanguswa kwa kitambaa kikavu kila jioni, kwa sababu maji yasipokaukia pale magaga hayapati nafasi ya kuganda, na nakala ya pili ya maelekezo imewekwa ndani ya kabati la bafuni, upande wa mlango unaofunguliwa na mwenye kusafisha.